Mashine ya Celestino Isihesabiwe Mchezaji

Koboko, Jumanne, 14 Machi 1978

Ndugu Mwenyekiti Anguyo,
Chama cha Wacheza Dama, Arua.

Salamu kwako na kwa mbao zote za dama unazozichunga. Anayekuandikia ni mimi, Ramathan, koplo wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, bingwa wa Koboko miaka kumi na tisa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la pili nililimaliza. La tatu ndilo lililoniogopa.

Mwenyekiti, Ijumaa uliumwa, hukufika kwenye mchezo wetu Awindiri, kwa hiyo utaletewa uongo mwingi. Kweli ni hii: nimefungwa dama na redio. Celestino, karani wa forodha pale Vurra, anasema si redio, ni mashine yenye akili, imetoka Ulaya. Unaibonyezea kete yako imekwenda wapi, inafikiri, halafu inawasha namba ya kujibu. Jua lilikuwa kali, namba hazikuonekana. Basi wakaifunika kanga, na Hawah, mjane wa hapo Awindiri anayejua namba vizuri, akaingiza kichwa humo, awe anabonyeza na kutusomea. Celestino akaisogezea visoda, ndizo kete zetu. Mimi peke yangu nilicheza na wote watatu, na sikulalamika.

Sasa nalalamika.

1. Mashine haina adabu. Unajua desturi yetu, dama haiendi bila matusi. Nikaiambia, "Wewe sanduku la sabuni, mama yako alikuwa kopo." Kimya. Nikamtaja na bibi yake. Kimya. Mtu akinyamaza hivyo sisi tunajua amekwisha. Kumbe yenyewe inahesabu.

2. Haina tikiti ya kodi. Kama ni mtu, ilipe kodi, itahiriwe, na ichimbe choo kama sisi wote tulivyoamriwa. Na ikifa tutaizika tukiielekeza wapi? Kama si mtu, basi mimi sikufungwa na mtu, na ambaye hajafungwa na mtu bado ni bingwa. Hapo hata hakimu hapiti.

4. (La tatu linaniuma, nitaliandika baadaye.) Mashine iliniachia visoda vitatu, nikavila kama karanga. Halafu ikaruka mara moja tu, ikanila vinne, ikafika mstari wangu wa mwisho ikawa kingi, na ubao ukabaki mtupu kama ua lililofagiwa. Watu walisimama. Mzee Yakani, ambaye hajasifu kitu tangu Waingereza waondoke, akasema, "Hiyo iko mzuri, wallahi." Na jicho langu la kushoto likatoa chozi bila ruhusa yangu. Huo ni wizi. Uzuri ni wa mtu aliyeutolea jasho. Mashine haijui hata kama imefanya jambo zuri au imekohoa. Naomba iwe sheria: mchezo ukiwa mzuri na aliyeucheza hana macho, uzuri wake apewe aliyefungwa.

3. Sasa la tatu. Huyo Hawah nimemposa tangu Idi. Alinijibu mbele ya wanawake wenzake, "Mimi sitaki ng'ombe ya mutu. Nitaolewa na mwenye mchezo wa kunipendeza macho." Ndiyo maana Ijumaa nilivaa suruali ya gwaride. Baada ya lile la kingi, Hawah alitoka ndani ya kanga anacheka mpaka mabega yanatikisika, akaniambia, "Mzee, umeona uzuri?" Mwenyekiti, nina miaka sitini na minane na wake wawili nimewazika. Nitaanza kuposa wapi tena? Na yeye, ataolewa na sanduku?

5. Kwa hiyo mashine ikamatwe, itolewe betri, ichomwe mbele ya wachezaji wote, na kiberiti ashike Celestino. Kisha utangaze kwa mdomo wako kwamba mchezo kama ule hauwezi kutoka katika akili yoyote isipokuwa ya binadamu.

Nisalimie mkeo Susana, watoto, wajukuu, majirani wa mkono wa kulia, na hata wale wa mkono wa kushoto wanaocheza vibaya.

Ni mimi, mtiifu wako asiyefungika,
Koplo Ramathan

N.B. Alhamisi. Usiichome kwanza. Ningeandika upya lakini karatasi imekwisha. Celestino alifungua mashine yake: betri zimevuja zote, fundi amemwambia zilikufa kabla ya Ijumaa. Nikapanda lori mpaka Awindiri na hasira zangu. Hawah hakukana. Chini ya kanga hapakuwaka namba hata moja. Alikuwa anauchungulia ubao kupitia kitambaa na kucheza mwenyewe, maana miaka yote hii hatujampa mwanamke benchi. Basi unaona, nilisema kweli, ilikuwa akili ya binadamu. Lakini barua hii usimsomee mtu. Anasema nikimfunga mara moja tu, siku hiyo hiyo twende kwa shehe. Tumeshacheza michezo kumi na mmoja. Tafadhali mwambie Celestino aniletee ile mashine, na betri mpya nne, ianze kunifundisha.