Kiti cha Mmenya Machungwa

Jumanne, 9 Julai
Nimepata shughuli! Haina mshahara, ila ina kiti. Ule ukumbi wa sanaa jirani na soko la Prawirotaman wameweka meza, viti viwili na kapu la machungwa. Ukutani maagizo: "Keti. Menya chungwa. Atakayeketi mbele yako mpe nusu, kisha msimulie jambo mpaka amalize kula." Eti hiyo ndiyo sanaa. Yeyote ruksa. Nikaketi. Akaja mwanafunzi mmoja, akala, akasikiliza habari zangu zote za kazi ya posta. Zote! Tangu mke wangu Sulastri afariki sijaongea hivi. Nyumbani naongea na feni.

Jumatano, 10 Julai
Balaa! Kiti kimekaliwa. Na nani? Wibisono! Daktari wa meno mstaafu, aliyening'oa gego zima akaacha bovu. Ikabidi nikae upande wa mgeni. Akanisimulia habari za mwanawe aliyeko Rotterdam, asiyepiga simu. Nikabugia nusu yangu na mbegu zake, nikaondoka. Akanishtaki kwa Kinasih, binti anayesimamia chumba, kwamba nakula kwa fujo.

Ijumaa, 12 Julai
Mbinu mpya. Nimewahi kabla mlango haujafunguliwa, mkononi balungi kubwa kama kichwa cha mtoto. Chungwa huisha upesi mno. Kwa balungi, mama mmoja wa Semarang alinisikiliza hadi nikafika kustaafu kwangu. Akachelewa treni. Wibisono kasimama mlangoni asubuhi nzima, kanuna. Kinasih akanijia: "Babu, maagizo yanasema chungwa." Nikamwambia balungi ni chungwa lililolishwa vizuri. Hakucheka. Kalichukua.

Jumamosi, 13 Julai
Jana kabla ya kutoka nilibandika karatasi kwenye kiti changu, Wibisono asikikalie: "Usikae hapa. Kitazame kiti, kisha mwombe radhi uliyemkosea." Mwandiko safi wa posta. Leo nafika, watu wamekizunguka! Mmoja analia. Wengine wanapiga simu, wanaomba radhi. Nilipotaka kuketi, kijana akanidaka mkono: "Mzee, kwani hujasoma?" Nikasimama. Na magoti yangu haya!

Kisha akaja Wibisono. Akasoma. Akavua miwani, akanijia moja kwa moja. "Marsudi, lile gego lilikuwa zima. Niliona aibu kukwambia. Nisamehe, ndugu yangu."

Akaniomba kesho mchana niende kwake tule wali kwa gudeg, mchuzi wa fenesi bichi. Mpishi wake, alisema, bado anapika kama vile nyumba ina watu.

Nilikaribia kukubali. Halafu nikang'amua: kesho ndiyo siku ya mwisho ya maonyesho! Anataka nishibe, nisinzie kwake, yeye achomoke akakalie kiti. Mjanja huyu! Nikamwambia nina shughuli.

Jumapili, 14 Julai
Nimewahi. Kinasih kaibandua karatasi. Kiti changu! Wibisono hakutokea. Mchana akampigia Kinasih simu, eti aniambie chakula kipo mezani, ananingoja. Bado anajaribu! Nikamwambia binti amjibu kwamba mimi si mtoto wa kuhadaiwa kwa wali. Kinasih akafunika simu kwa kiganja. Akasema, "Babu, nenda tu." Naye kahongwa!

Wageni hawakuja. Mafundi walijaza makasha mlangoni, watu wakadhani pamefungwa. Nikamenya chungwa, nikaweka nusu upande wa pili wa meza. Nikangoja. Nikaila mwenyewe. Nikamenya jingine. Jioni mafundi wakaniomba ninyanyuke, wabebe kiti.

Lakini wa mwisho kukikalia ni mimi! Nimemshinda Wibisono, kweupe kabisa. Na huko kwake amekula peke yake. Shauri yake!