Bi Honi Ana Uso wa Mama

Jumatatu, 2 Machi

Nimepata! Sanamu ya Bi Honi ni yangu. Kamati ya hospitali imepiga kura asubuhi, na Marumaru ameambulia kikombe cha chai na pole. Marumaru ni mchongaji mwenzangu. Jina nimempa mwenyewe, kwa sababu anachonga marumaru na kipara chake kinang'aa vivyo hivyo. Amenipa mkono akasema amefurahi kwa dhati. Mnafiki! Mimi nisingefurahi.

Bi Honi, marehemu, alikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha gari la wagonjwa hapa kwetu. King'ora kiliharibika, hakuna aliyekitengeneza, basi akaendesha miaka yote kiwiko kikiwa kimebana honi. Wajawazito wangapi walifika salama kwa kiwiko kile! Sasa atakaa kwenye mzunguko wa barabara mbele ya hospitali, mikononi ana usukani. Atakuwa mwanamke wangu wa nne wa hadharani, baada ya Mwalimu, Mshonaji na Muuguzi.

Nimekwenda mbio kumwambia mama. Mama hajawahi kuja kwenye uzinduzi wangu hata mmoja. Wa Mwalimu, mguu ulimuuma. Wa Mshonaji, alikuwa na wageni. Wa Muuguzi, mvua ilinyesha, upande wa kwake tu. Nimemwambia habari nikiwa bado mlangoni. Ameniuliza kama nimekula.

Halafu nikaona ukutani. Picha mpya, kwenye fremu. Mama yuko bustani ya mjini, kando ya sanamu ya mwanamke aliyembeba mtoto. Anacheka, meno yote nje! Na sanamu ile ni kazi ya nani? Marumaru. Nimekula nikiwa nimeipa picha mgongo.

Jumatano, 4 Machi

Nina mpango. Bi Honi hakuacha picha ya maana. Iliyopo ni moja, na kofia imemfunika hadi puani. Kwa hiyo uso ni uamuzi wangu, nami nimeamua: nitampa uso wa mama. Kwanza, mama atalazimika kuja kukaa karakanani nimtazame, siku nyingi, sisi wawili tu. Pili, nani anakosa uzinduzi wa uso wake mwenyewe?

Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa na mama bila mmoja wetu kuwa anaaga.

Nimempigia simu. Amekataa. Amesema uso wake si wa kuwekwa barabarani uje kunyewa na ndege. Nimemweleza heshima ya sanaa, kwa kirefu. Amesema ana nguo kwenye maji.

Jumamosi, 7 Machi

Mpango wa pili. Nimempigia nikikohoa. Nimesema naumwa, niko peke yangu karakanani, ila asihangaike, nisije nikawa mzigo. Kufumba na kufumbua mama huyo mlangoni, na chupa ya chai na vidonge. Amenikuta juu ya ngazi. Nikakohoa huko huko juu. Akachukua ufagio.

Amefagia asubuhi nzima. Mimi nilijibanza nyuma ya Bi Honi wa udongo nikafinyanga kama mwizi: shingo ile, kidevu kile, namna anavyokunja mdomo akikutana na vumbi. Hatukuzungumza. Ufagio ulikuwa unasugua sakafu, udongo unalainika vidoleni mwangu. Nilitamani karakana iwe kubwa kama uwanja wa mpira, afagie hadi kiama.

Nikatoka kuchota maji. Niliporudi, Bi Honi hakuwa na pua.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimemfuta. Alikuwa na udongo usoni."

"Mama, uso wenyewe ndio udongo!"

"Si ungesema," akajibu, akakamua kitambaa, akavaa viatu. "Haya, meza dawa."

Jumanne, 10 Machi

Pua imerudi mahali pake. Kamati imekuja kukagua, pamoja na mdogo wake Bi Honi, bibi mmoja mwenye fimbo. Mwenyekiti amesema uso una mamlaka, hata yeye amejikuta ananyoosha mgongo. Nikavimba kichwa.

Kisha bibi akamzunguka Bi Honi taratibu, akasimama. Amesema kazi ni nzuri, ila mwanamke huyu yuko karibu kumgombeza mtu, na dada yake alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka gari likikwama kwenye tope. Alicheka tairi ikipasuka. Aliwachekesha wajawazito njia nzima hadi wakasahau kuogopa. Akaniegemea begani.

"Mwanangu," akasema, "mchekeshe dada yangu."

Ungemkataliaje? Lakini balaa ni kwamba sina kicheko cha mama. Mikunjo yake ya hasira ninayo yote, naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Kicheko chake nimekiona mahali pamoja tu: ukutani kwake, kando ya jiwe la Marumaru.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeiba picha. Mama alikuwa jikoni. Nimeificha na fremu yake ndani ya blauzi, nikaaga nikitembea kama mtu aliyemeza ubao. Mama ameniuliza kama bado naumwa. Nimesema ndiyo, sasa ni tumbo. Amenipa vidonge vingine.

Mchana kutwa nimefinyanga kicheko. Shavu linapanda. Jicho la kushoto linafumba kuliko la kulia. Sikuwa najua! Miaka yote hii, mama yangu mwenyewe, sikuwa najua. Na kila nikibonyeza udongo wivu unanichoma, maana kicheko chenyewe si changu. Amepewa mwingine.

Jioni nikampigia mdogo wangu, kwa kuwa ndiye aliyepiga picha ile. Nimemuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali kabisa, mama anampendea nini huyu Marumaru. Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa cha kweli.

"Dada, Marumaru ndiye nani? Mama anajua sanamu ile ni yako."

"Yangu?"

"Kwa mama, kila sanamu ya mwanamke mji huu umeitengeneza wewe. Huwa anakwenda kuziangalia baadaye, watu wakishatawanyika. Hapendi kusimama juani kusikiliza watu wazima wakishukuriana. Siku ile alimsimamisha hadi muuza magazeti. Akamwambia, hii kaifanya mwanangu, hebu iangalie vizuri."

Nimeketi juu ya mfuko wa saruji. Nimelia sana. Kisha nimeinuka nikamrekebisha Bi Honi jicho la kushoto.

Baadaye hasira zikarudi. Yaani mama hajui kutofautisha mkono wangu na wa Marumaru!

Jumamosi, 18 Aprili

Uzinduzi. Kitambaa kilichomfunika Bi Honi, sasa wa saruji, kikang'ang'ania kwenye kiwiko chake. Mwenyekiti akavuta. Dereva wa hospitali akavuta. Hatimaye kikachanika katikati, na Bi Honi akatokea anacheka, utadhani mzaha wote ni wake. Watu wakaangua kicheko naye. Bibi mwenye fimbo alimshika dada yake goti la saruji, na hotuba zilipokwisha alikuwa bado hajaliachia.

Marumaru amepiga makofi kuliko wote, machozi yanamtoka. Anataka nini yule?

Kiti nilichomwekea mama mstari wa mbele kimekaliwa na mkoba wa mke wa mganga mkuu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda kuvizia. Mdogo wangu si alisema mama huja watu wakishatawanyika? Nimejificha nyuma ya kibanda cha walinzi wa hospitali, mlinzi ananiangalia kwa mashaka. Na kweli, mchana mama akatokea. Mwavuli mkononi, viatu vya kutokea miguuni! Akavuka barabara bila kutazama magari. Magari yakasimama.

Alimwangalia Bi Honi muda mrefu. Akamzunguka. Akarudi mbele. Nilikuwa kama mtoto aliyekabidhi karatasi ya mtihani. Nikajitokeza, nikajifanya napita tu. Nikasimama kando yake, nikangoja. Atajitambua. Sasa hivi atajitambua.

"Huyu," mama akasema, "kafanana na mama yako mkubwa."

"Mama mkubwa!"

"Si unaona hilo jicho? Dada yangu alikuwa anacheka hivi hivi, tena ovyo. Mimi sikuwa hivyo." Akatoa leso akamfuta Bi Honi vumbi gotini. Safari hii hakuna kilichotoka. "Lakini umeweza, mwanangu. Ila yule wa bustanini ndiye ulimpatia hasa."

Ukweli ulikuwa umefika ncha ya ulimi. Nikamtazama. Alikuwa anacheka kidogo, kwa ajili yangu, jicho la kushoto limefumba.

"Ahsante, mama," nikasema.

"Na picha yangu uirudishe."

Akanishika mkono tukavuka. Tulipofika ng'ambo hakuniachia. Akasema Jumapili nije nyumbani. Nikamuuliza kuna shughuli gani. Akasema hakuna shughuli, nije tukae tu, mchana wote, siku hizi nyumba ina kimya kingi na mimi huingia na kutoka kama mtu wa posta. Aliyasema hayo akiangalia magari. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nilikuwa nimesahau ukubwa wake.

Jumamosi, 25 Aprili

Habari kubwa! Stesheni ya treni inataka sanamu ya yule mama aliyekuwa akipunga bendera zamani, aliyesimamisha treni siku daraja lilipokatika. Michoro inatakiwa keshokutwa. Nasikia Marumaru ameshaanza. Hanipati!

Maana nina mpango, na safari hii hauna hata tundu. Yule mama wa bendera, kila mtu anamkumbuka alivyokuwa akiketi kwenye benchi kungoja treni, saa nyingi, mikono mapajani. Kwa hiyo nahitaji mama mtu mzima wa kuketi kwenye benchi, saa nyingi. Nitaweka benchi karakanani. Mama atakuja. Nami nitaketi pale pale karibu naye. Si siku moja, ni miezi! Pengine tutazungumza.

Nimempigia kumwambia kesho siwezi, nina michoro. Amesema ameshaanza kupika. Nimemwambia avumilie kidogo tu. Kazi hii ikiwa yangu, tutakaa pamoja hadi anichoke.