Vikao Kumi na Vinne vya Mashine ya Risasi

Inatangazwa kwa fahari kwamba Kamati Kuu ya Kuchagua Mashine ya Kujazia Risasi Nyumbani, yenye makao yake katika gereji ya Papa André, mtaa wa Turffontein, imemaliza kazi kwa vikao kumi na vinne tu. Mimi Benita ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Nilichaguliwa kwa kuwa wengine wote walikuwa wanaongea.

Mambo yalikuwa mazito. Mashine nyekundu au ya kijani? Papa André, Mwenyekiti, alitaka nyekundu: inaonekana hata kutoka barabarani. Mzani wa kupimia baruti tuliujaribu kwa sukari, ukafaulu. Ikabaki kalibu, kile chuma kinachorudisha ganda la risasi lililokwisha kupigwa kwenye umbo lake ili lijazwe tena. Mwenyekiti akanunua kubwa kuliko zote dukani, ilingane na cheo.

Ildephonse, mlinzi huko Randburg, alikuwa na mtihani wa shabaha Jumamosi. Akikosa, kazi hana. Risasi za mazoezi alizitegemea kwetu. Akatumbukiza ganda lake kwenye kalibu.

“Chef,” akamwambia Mwenyekiti, “linacheza humu kama mguu wa mtoto ndani ya gambuti.”

“Umelisukuma kwa adabu?”

“Eish, Papa! Namba si imeandikwa hapa kwenye kitako cha ganda? Hii kalibu ni ya bunduki nyingine kabisa.”

“Kijana, vikao kumi na vinne haviwezi kukosea. Bunduki yako ndiyo iliyokosea.”

Likapitishwa azimio, nikaliandika neno kwa neno: chochote kisicholingana na mashine kitoke gerejini, pamoja na mwenyewe.

Tukatekeleza. Ildephonse akatoka. Murielle, mjumbe mwenzetu, akapima ganda lake, likagoma, akatoka na meza, maana meza ilikuwa yake. Mjumbe mwingine, Khatibu, naye ganda likagoma, akatoka. Mimi sina ganda lolote, kwa hiyo silingani, nikatoka.

Tukahamia kwa Khatibu, mtaa wa Mayfair. Kumbe ana kibali cha kujazia risasi, na mashine kuukuu isiyo na rangi yoyote, yenye kalibu ya namba ileile ya Ildephonse. Hatukujua. Hakuna kikao kilichomuuliza.

Jumamosi Ildephonse alipiga kumi na tisa kati ya ishirini. Kazi anayo.

Jumatatu Papa André akapiga simu.

“Jamani, nimebaki peke yangu na mashine. Nipokeeni.”

“Karibu sana, Papa,” akasema Khatibu. “Lete tu ganda la bunduki yako tulipime. Ndio utaratibu.”

Hii ni wiki ya tatu. Tunasikia Mwenyekiti bado anatafuta bunduki ya kununua.