Sahihi Tatu za Sauna ya Babu

Jumatatu, 3 Februari
Balaa! Shangazi Saimi, miaka themanini na sita, anataka kuwapa sauna yetu ya ziwani, kibanda chetu cha kuogea mvuke, wale wanawake wanaoogelea kwenye tundu lililotobolewa katika barafu ya ziwa. Sauna aliyoijenga babu kwa mikono yake! Lazima nipate hati ya kusimamia mambo ya Shangazi. Nimenunua faili. Jekundu.

Jumanne, 4 Februari
Nimemwona wakili. Shangazi asaini kwa hiari, akili timamu, mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu, wote wakiwa chumba kimoja. Ila hati italala mpaka daktari athibitishe kwamba hajiwezi tena. Kwa hiyo: Ijumaa awe timamu, Jumatatu asiwe. Inawezekana.

Jioni nimemweleza. Kakubali papo hapo! Nikamjaribu kwa niaba ya daktari: leo tarehe ngapi? Kaitaja, kisha kanitajia siku ya jina langu kwenye kalenda, ile ambayo huku mtu hupongezwa, nami nilikuwa nimeisahau.

Alhamisi, 6 Februari
Kijiji kina watu kumi na tisa. Kumi na saba ni sisi na ndugu zetu. Wamebaki Helvi na Taimi, ambao hawajasemezana miaka kumi na moja kwa sababu ya ua unaotenganisha viwanja vyao. Helvi kasema afadhali akae chumba kimoja na dubu. Taimi kasema dubu ndiye wa kuonewa huruma.

Halafu wazo! Saunani hakuna ugomvi. Hata mahasimu hukaa benchi moja wakanyamaza. Watasaini humo. Shangazi kaniambia, “Mwanangu, leo umetumia kichwa.” Sikumbuki lini aliwahi kunisifu.

Ijumaa, 7 Februari
Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Jambo moja halikuwemo kwenye mpango: wanawake huoga na wanawake. Hati imeingia saunani ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, mimi nimebaki nje. Dakika arobaini! Nawasikia wakimwagia mawe ya moto maji na kucheka. Helvi kauliza kwa sauti kama bwana faili bado anapumua. Taimi kajibu aachwe kidogo, hajaganda vizuri. Wamepatana! Kwa kunisema mimi, lakini wamepatana.

Wakatoka mbio kuelekea kwenye tundu. Nikageukia ukuta kwa adabu. Kumbe wote wawili ni wa kikundi kile cha kuogelea barafuni. Haidhuru, sahihi tatu zipo! Hati nitaisoma vidole vikiyeyuka.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeisoma. Shangazi kaongeza aya kwa mkono wake: Tarmo atasimamia mambo yangu yote, isipokuwa sauna.

Nimemkimbilia. Kaniuliza, “Baba yangu aliijenga ili watu waoge. Wewe Tarmo mara ya mwisho kuoga humo ni lini?” Nikasema nina shughuli nyingi. Kasema basi ameniongezea moja: kuni. Helvi anazipenda za mti wa mbetula, zilizopasuliwa nyembamba.

Jumapili, 9 Februari
Nimepasua kuni tangu asubuhi. Wamenipa kahawa na mkate wa iliki. Nimetafakari kwa utulivu. Mpango ulikuwa safi; kosa ni moja tu, sikuwa ndani.

Nimesoma katiba ya kikundi chao mara tatu. Hakuna panaposema mwanachama lazima awe mwanamke. Uchaguzi wa mwenyekiti ni Machi. Kesho najiunga. Kuogelea sijui, lakini tundu lenyewe ni dogo.