Waraka Namba Saba na Mikono ya Kimya

Inatangazwa kwa furaha isiyo na kifani, kwa wauguzi, matabibu, wagonjwa wa sasa na wagonjwa watarajiwa, kwamba Bodi ya Kupima Stadi za Tiba imefanikiwa kuondoa kabisa tatizo la wanafunzi kutojua kazi. Tatizo hilo lilikuwa la miaka mingi. Liliondolewa Jumanne moja, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Waraka Namba Saba ulikuwa na vifungu viwili vya maana. Cha kwanza: tendo lolote ambalo mtahiniwa hakulitamka kwa sauti litahesabiwa kuwa hakulitenda. Hiki kilitungwa baada ya watahini kulalamika kwamba kutazama kunachosha macho. Cha pili kilifuata chenyewe, kama mkia unavyofuata ng'ombe: tendo lolote ambalo mtahiniwa amelitamka litahesabiwa kuwa amelitenda.

Matokeo yalikuwa ya kupigiwa makofi. Zamani mwanafunzi alipoteza dakika nzima kunawa mikono, sasa alitumia sekunde mbili kusema "nimenawa." Kipande cha sabuni cha kituo cha kwanza kiliingia mwaka wa tatu kikiwa bado na maandishi yake. Waliofaulu walipanda kutoka asilimia sitini hadi tisini na nane. Na kwa kuwa darasa lilikuwa la watu hamsini, asilimia mbili iliyobaki ilikuwa mtu mmoja: binti wa mwaka wa mwisho wa uuguzi, ambaye watu walimwita Kimya.

Kimya hakuwa bubu. Wodini alizungumza na wagonjwa kama aliyekulia nao: "Pole bibi, geuka kidogo, hapo hapo." Ila kazi ikishaingia mikononi, ulimi wake ulikaa pembeni ukangoja.

"Nikihesabu mapigo ya moyo siwezi kutangaza," alimweleza mama yake, fundi cherehani. "Nikitangaza, hesabu inapotea."

"Si useme tu sabini, mwanangu? Wenzako wote wanasema sabini."

"Na yakiwa mia na arobaini, mama?"

Mama yake akaendelea kukanyaga cherehani. Ndiye aliyeishona sare ya binti yake, na aliiachia upindo mpana makusudi, ili imfae hadi atakapokuwa muuguzi mkuu na mwili umeongezeka kidogo.

Sasa sare hiyo ilikuwa mashakani. Kimya alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alimfunga bandeji mwanasesere wa plastiki vizuri mno, akapata sifuri kwa kutosema lolote. Mara ya pili alimdaka mgonjwa wa kuigiza aliyekuwa akiteleza kitandani, akapata sifuri na onyo juu yake, kwa kuwa kuteleza hakukuwemo kwenye ratiba. Utaratibu ulikuwa wazi: ukianguka mara ya tatu, jina linafutwa saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo, hugusi tena mgonjwa, na sare unairudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Siku ya mtihani wa tatu ilikuwa siku kubwa. Ukumbi ulipangwa vituo kumi na viwili vyenye mapazia, kila kimoja na mtahini wake, fomu yake na kalamu iliyofungwa kwa uzi isitoroke. Mbele palikuwa na jukwaa na kipaza sauti, kwa maana Mwenyekiti wa Bodi alikuwa anakuja mwenyewe kumtunuku mtahiniwa bora wa mwaka. Wazazi walialikwa. Waandishi wa habari walialikwa. Wagonjwa halisi waliombwa kutumia mlango wa nyuma.

Mtahiniwa bora alikuwa kijana aliyeitwa Redio. Redio alimaliza kila kituo kwa dakika tatu badala ya nane, mikono yake ikiwa mifukoni mwa koti jeupe tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. "Nimejitambulisha, nimenawa, nimevaa glavu, nimemtuliza mgonjwa, mgonjwa ametulia." Mtahini aliweka tiki nyuma ya tiki, na mwishoni akampongeza kwa kutomwaga hata tone la damu.

Kituo cha nne kilikuwa cha Mama Tumbo. Huyu alikuwa mgonjwa wa kuigiza kwa mwaka wa sita, kazi yake kulala kitandani na kulalamika tumbo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweza kuona mtu akapita bila kumtegea kitendawili.

"Kitendawili," alimnong'oneza Kimya alipoingia.

"Tega."

"Mdomo wangu umeoga, mikono yangu haijui maji."

"Redio," alijibu Kimya, bila hata kufikiri.

"Hee! Hata mji hukunipa!"

"Mgonjwa," mtahini alionya bila kuinua macho kwenye fomu, "wewe umepangiwa kulalamika."

"Aaah, tumbo langu," alisema Mama Tumbo, ili kumridhisha.

Kimya akaenda kwenye bomba. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likashangaa, kisha likatoa maji. Akangoja yawe meupe. Akanawa, kiganja, vidole, katikati ya vidole, kucha. Akavisugua viganja hadi vikapata joto, ndipo akaweka mkono tumboni kwa Mama Tumbo, polepole, akimtazama usoni aone panapouma.

Mtahini alingoja sauti. Sauti haikuja.

"Mtahiniwa, unafanya nini?"

"Namhudumia."

"Hicho si kipengele." Akaandika sifuri, akaipigia mstari chini kwa rula.

Kimya alikuwa bado amesimama pale, anaiwazia pasi ya mama yake, pazia lilipofunguliwa. Akaingia Mwenyekiti wa Bodi mwenyewe, akifuatwa na Katibu.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo lililokuwa limetokea ukumbini asubuhi hiyo. Mwenyekiti alipofika aliletewa kiti cha mbao chenye mto wa mahameli. Hakukikalia. Alisimama wakati wa wimbo, akasimama wakati wa hotuba za wengine, akasimama wakati wa soda. Katibu, mtu mwepesi wa kusoma dalili za uongozi, akatoa maelekezo papo hapo kwamba kuketi kumepitwa na wakati. Viti mia mbili vikatolewa nje. Wazazi walisimama saa mbili na nusu, na gazeti moja lilikuwa limeshaandika kichwa cha habari kuhusu uongozi wa kuwajibika wima.

"Nahitaji faragha," alisema Mwenyekiti. Jasho lilimtoka. Alitembea kama mtu aliyebeba yai mahali pasipostahili yai.

Mama Tumbo alimtazama mara moja tu. "Jipu," alisema. "Mimi naigiza maumivu mwaka wa sita. Ya kweli nikiyaona nayajua. Limeiva, na liko nyuma."

"Nani kamwuliza huyu?" alifoka Katibu.

"Mwache," alisema Mwenyekiti kwa sauti ndogo. "Amesema kweli. Siku tano sijakaa. Niitie mwanafunzi bora. Upesi!"

Redio akaja akitabasamu. Mwenyekiti alivalishwa gauni la wagonjwa, lile linalofungwa nyuma kwa kamba mbili, ya chini ikiwa imekatika, akalala kifudifudi.

"Habari za asubuhi, mheshimiwa," alianza Redio, mikono mifukoni. "Nimejitambulisha. Nimenawa. Nimekuomba ridhaa, umekubali. Nimechoma ganzi. Nimepasua jipu, nimekamua usaha, nimefunga kidonda. Pole, na asante kwa ushirikiano."

"Mia kwa mia!" alisema mtahini, machozi ya fahari yakimlengalenga.

Mwenyekiti alingoja kidogo. "Mbona bado linauma?"

"Haiwezekani, mheshimiwa," alisema Katibu, akifungua jalada. "Kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, limepona."

"Waraka nimeuandika mimi!"

"Na umeandikwa vizuri sana, mheshimiwa."

"Lipasue kweli, wewe kijana! Kwa kisu!"

Redio akatoa mikono mifukoni. Aliitazama kama wageni waliofika bila taarifa. Mtahini akajitolea kumsaidia, lakini kwa miaka mitatu vidole vyake vilikuwa vimeshika kalamu tu, na alipomkaribia mgonjwa vilijikunja vyenyewe vikitafuta fomu.

"Hivi humu ndani," alilia Mwenyekiti, uso ndani ya mto, "hakuna hata mmoja anayejua kutumia mikono?"

"Yupo," alisema Mama Tumbo. "Mmemaliza kumpa sifuri sasa hivi. Wino haujakauka."

Kimya alikuwa ameshatoka. Alivuka korido hadi chumba cha vidonda, akarudi na sinia iliyofunikwa. Akanawa tena. Akamwonyesha Mwenyekiti sindano ya ganzi, akainama hadi macho yao yakakutana, akangoja. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipochoma. Akagusa, akangoja, akagusa tena ahakikishe pamekufa ganzi. Kilichofuata hakikusikika ila sauti moja ndogo ya kisu kuwekwa siniani na, baada ya muda, pumzi ndefu ya Mwenyekiti, iliyotoka kama hewa ya gurudumu la baiskeli. Kimya akasafisha, akaingiza utambi wa bandeji wa kunyonya usaha, akafunika, akabandika plasta.

"Ee Mungu," alisema Mwenyekiti. "Nimezaliwa upya. Binti, umefaulu! Katibu, andika!"

"Siwezi, mheshimiwa," alisema Katibu kwa masikitiko makubwa. "Hakutamka. Kwa hiyo hakutenda. Kwa hiyo jipu lipo."

"Halipo! Mimi ndiye mwenye jipu!"

"Kwenye kumbukumbu za Bodi lipo. Na huyu jina lake linafutwa saa kumi na moja."

"Basi lifuteni," alisema Mwenyekiti, ambaye maumivu yalikuwa yamepungua na cheo kimeanza kumrudia. "Utaratibu ni utaratibu."

Kimya akaanza kukusanya vifaa. "Utambi huo unabadilishwa kila siku," alisema taratibu. "Siku kumi. Kesho saa tatu ndiyo ya kwanza."

"Sawa. Utabadilisha."

"Jina langu litakuwa limefutwa, mheshimiwa. Sitaruhusiwa kukugusa."

"Sasa atabadilisha nani?"

"Nipo hapa, mheshimiwa," alisema Redio, akirudisha mikono mifukoni.

Mama Tumbo akajikohoza.

"Kipo kifungu," alisema. "Kiko nyuma ya ukurasa, kwa maandishi ya sisimizi. Mtahiniwa asipotamka, mgonjwa anaweza kutamka kwa niaba yake, mbele ya watahini wote, kwa sauti, akitaja tendo na sehemu ya mwili. Nilitaka kumtamkia mwaka jana, mkaniambia mimi si mgonjwa, naigiza." Akajigeuza kitandani, kitanda kikalia. "Lakini mheshimiwa hapa haigizi."

Katibu aligeuza ukurasa. Akausoma kwa kidole. "Ni kweli," alisema. "Mheshimiwa, ulikiweka mwenyewe."

"Kwa nini nilikiweka?"

"Ukurasa ulikuwa na nafasi."

Mwenyekiti alimtazama Redio. Akaitazama mikono ya Redio, yaani pale ilipokuwa. Kisha akashuka kitandani, akatoka nje ya pazia na gauni lake, akapanda jukwaani akiwaelekea watu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walidhani tuzo zimeanza.

"Mimi, Mwenyekiti wa Bodi," alisema kwenye kipaza sauti, "natamka kwamba binti huyu amenipasua jipu."

Makofi yalikatika ghafla.

"Sehemu ya mwili, mheshimiwa," alikumbusha Katibu kwa adabu.

"Upande wa nyuma."

"Nyuma ni pana, mheshimiwa. Fomu inataka jina."

"Tako!"

"Lipi?"

"La kushoto!"

Kipaza sauti kilikuwa kizuri sana. Wodi ya watoto walisikia, na wakaomba irudiwe. Mama mmoja mbele, fundi cherehani, aliziba mdomo kwa ncha ya kitambaa na mabega yakamtikisika. Watahini kumi na mmoja wakaweka tiki kwa pamoja. Wa kumi na mbili, mzee wa kituo cha mwisho, akanyoosha mkono.

"Samahani, mheshimiwa. Sikusikia vizuri."

Mwenyekiti alikuwa amechoka kutamka. Akageuka kurudi nyuma ya pazia, akiwa amesahau kabisa habari ya ile kamba ya chini.

Watu mia mbili waliosimama wakaona wote kwa pamoja: bandeji nyeupe, mraba, plasta nne zimenyooka kama mistari ya daftari, kazi safi ambayo hata muuguzi mkuu angeionea wivu.

Mtahini wa kumi na mbili akavaa miwani. Akachunguza la kushoto kwa makini, kisha la kulia kwa kulinganisha, kama taaluma inavyotaka. Halafu, katika nafasi iliyotengwa kwa ajili ya maneno ya mtahiniwa, akaandika neno ambalo fomu za Bodi zilikuwa hazijawahi kuliona tangu waraka utoke: "Nimeona."