Fulana za Mshindi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeingia fainali! Barua pepe imenikuta kiwandani Jacobs, hapa Durban, nikikagua magodoro. Tuzo ya Riwaya ya Kusi, watano wa mwisho, na jina langu ndilo la kwanza kabisa. Chacha! Nikaketi juu ya godoro ambalo halijakaguliwa. Msimamizi akauliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo kwanza napona.

Mke wangu Ernestina anasema wamepanga kwa alfabeti. Wivu huanzia nyumbani.

Kwenye orodha yumo pia Mwalimu Kagendo, Mkenya wa Sydenham anayefundisha chuo kikuu. Huyu huandika kurasa mbili kila asubuhi kabla ya kazi, kama mgonjwa anayemaliza dozi. Hana kipaji cha kusubiri.

Matilda, mhariri wangu wa Dar es Salaam, amepiga kunipongeza, kisha akaharibu. Anataka sura ya mwisho ya riwaya yangu ya pili. Amenishikia nafasi kwenye vitabu vya mwakani, na mwisho ni Ijumaa saa kumi. Miaka minne nimeiandika riwaya hiyo! Imebaki sura moja tu: mjane amesimama nyuma ya mlango, shemeji anabisha hodi, na sijaamua kama atamfungulia. Nikamjibu Matilda kwamba mshindi hakimbizwi. Akanikumbusha kwamba sijashinda. Watu wa ofisini hao.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefikiri sana, na nimeliona jambo ambalo wengine hawalioni. Riwaya ikitoka kabla ya tuzo, ni riwaya ya Chacha wa magodoro. Ikitoka baada ya tuzo, ni riwaya ya Mshindi. Inatafsiriwa. Mwandishi anapigwa picha akiwa ameshika kidevu. Kwa hiyo kuandika wiki hii ni kujipunguzia hadhi.

Ernestina ameisoma riwaya yote, na kila akirudi kazini anauliza kama mjane amefungua. Nimemwambia asubiri kama wasomaji wengine.

Jioni nikaunda kamati. Mtanzania haoi, hazikwi wala hashindi bila kamati. Mwenyekiti ni jirani yetu Yeremia, mwenye kibanda cha kuchapisha fulana hapa hapa Point. Ajenda: ukumbi, pilau, sare. Yeremia alipendekeza kitenge. Mimi nikapendekeza fulana yenye uso wangu, nimeshika kidevu, na chini yake neno MSHINDI. Akauliza kwa nini tusingoje matokeo ya Jumamosi. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kushona sare ya harusi baada ya harusi. Hoja ikapita.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimekwenda kwa Gilbert, Mkongomani wa Bukavu anayelinda magari karibu na ufukwe. Alishinda tuzo kubwa miaka tisa iliyopita. Nilitaka anipe uzoefu, hasa upande wa kushika kidevu.

Gilbert hakucheka. Alisema, "Ndugu yangu, prix, ile tuzo, iko muzuri, lakini inakula muda. Banakuita huku, banakuita kule, ata page moja hauandike." Alisema kila alipokaa kuandika alijiuliza kama sentensi ile inamfaa mshindi, na sentensi ikakimbia. Riwaya ya pili hadi leo hakuna. Akanishika bega, akaniambia nimalize yangu kabla hawajataja jina la mtu yeyote.

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Tatizo la Gilbert nimeliona mara moja: hakuwa na kamati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Kagendo kumwalika kwenye sherehe yangu. Si vizuri ashindwe akiwa peke yake. Amekubali, akashukuru sana. Kisha akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba riwaya yake ya pili aliituma Dar juzi Jumanne. Eti akishinda ataingiwa na kiburi, akishindwa atanuna, kwa hiyo ilikuwa heri amalize akiwa bado mtu wa kawaida.

Nikamhurumia. Mtu anayejiandaa hivyo ameshashindwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini ili niandike sura ya mwisho. Nimeandika hotuba. Kurasa kumi na moja! Ile sehemu ya kuwasamehe walionidharau shuleni ni tamu kuliko riwaya zote mbili.

Matilda amepiga saa nane, saa tisa, saa tisa na nusu. Kwenye simu ya mwisho alikuwa kama anabembeleza. Alisema hata kurasa tano tu, Chacha, nitakutetea ndani ya kikao. Nilimwahidi hotuba.

Saa kumi ilipopita Ernestina aliuchukua muswada mezani, akaupangusa vumbi, akauweka kabatini. Moyo ulinishtuka, siwezi kuficha. Wakati huo huo Yeremia akabisha hodi na fulana sitini. Nikavaa moja. Moyo ukatulia. Pua tu imetoka kubwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kagendo.

Walimtaja saa nane na dakika sita, kwenye skrini kubwa, ukumbi wetu wa sherehe umejaa. Nilikuwa nimeshasimama. Hotuba nimeshaitoa mfukoni.

Ikabaki harufu ya pilau tu. Ndipo Yeremia akakamata kipaza sauti, akasema kamati ilichangisha kwa ajili ya mshindi, mshindi yumo humu ukumbini, na pilau hailali. Vigelegele! Watu sitini wenye uso wangu vifuani wakamnyanyua Kagendo juu. Picha imeshasambaa kila mahali. Yeye katikati anacheka, na mimi nimemzunguka mara sitini, nimeshika kidevu.

Aliponifikia alinikumbatia. Akasema, "Pole, Chacha. Na ile yako ya pili? Si umeshaituma?" Nilisema iko njiani.

Nililia jikoni, nyuma ya masufuria. Naliandika hili kwa kuwa shajara hii ina kufuli.

Jumapili, 12 Oktoba

Ujumbe wa Matilda. Nafasi yangu imepewa mwandishi mwingine wa huku huku Durban, ambaye kazi yake ilifika Jumanne. Hakumtaja. Hakuwa na haja.

Yeremia ameniambia Kagendo ana mialiko hadi Julai, na leo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, hakuandika zile kurasa zake mbili. Lakini yake imeshapokelewa. Yangu iko kabatini.

Saa sita Ernestina akautoa muswada, akauweka mbele yangu pamoja na kalamu. Akasema, "Baba Boke, tuzo wamechukua. Mjane bado ni wako." Kisha akaketi karibu, akangoja.

Nikaandika. Kwa kweli niliandika! Mjane ameshika komeo, sikio lake mlangoni. Sentensi moja, safi mno. Niliisoma mara tatu. Machozi yakanilenga, na ya Ernestina pia.

Sentensi ya namna hii haipotezwi hovyo. Hii ni ya tuzo.

Nikaweka kalamu chini, nikampigia Yeremia. Fulana bado nzima, amekusanya hamsini na nane. Tutaongeza tu mwaka wa tuzo ijayo chini ya uso, na pua ataipunguza. Kikao cha kwanza Jumanne. Ukumbi ule ule, na mpishi amekubali. Kila kitu tayari. Kimebaki kitabu tu.