Joho la Jubilei

Jumatatu, 5 Mei
Nimefeli aljebra. Mara ya tatu. Bila aljebra hakuna cheti, na bila cheti nitaogesha wazee wa watu hapa Arlington, ughaibuni, mpaka nami niogeshwe. Lydiah, mke wangu, hajui. Amemwalika mama yake kutoka Bungoma aje anione nikihitimu. Anatua Alhamisi. Nimekaa ndani ya gari saa nzima. Chuo chetu ni maegesho yenye madarasa machache katikati. Mtu analia humo bila kusumbuliwa.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata njia. Jumamosi chuo kinatimiza miaka hamsini, na wanakamati wa maonyesho ya historia watapita mbele wamevaa majoho. Nimejiunga. Mama mkwe ataona joho, atadhani ni mahafali, atapiga picha, yataisha. Mwenyekiti ni Tharcisse, Mkongo anayefanya kazi ghalani na bado anafaulu aljebra bila haya. Amechimbua kwamba chuo kilianzia ndani ya duka la fanicha lililofungwa: wanafunzi arobaini, wengi wao akina mama waliotoka kazini. Ana picha. Inaudhi. Nikamwambia nami nina historia yangu.

Alhamisi, 8 Mei
Sina. Nimeitunga, nikaiandikia bango: mwanafunzi wetu wa kwanza kutoka Afrika, aliyekuja kwa miguu kutoka Mansfield, mji wa jirani, kila siku. Tharcisse akauliza jina lake. Nikasema rekodi ziliungua. Akauliza ziliungua mwaka gani. Mtu huyu hana upendo.
Mama mkwe amefika. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Ameniletea suti ya marehemu baba mkwe niivae ndani ya joho. Ilinikaa sawasawa.

Jumamosi, 10 Mei
Nilivaa. Nilipita. Lydiah alipiga vigelegele peke yake ukumbi mzima. Kisha mama mkwe akaanza kusoma mabango ya maonyesho, moja baada ya lingine, kama anayesahihisha madaftari. Langu halikuwepo. Tharcisse alikuwa ameliondoa. Akaja kumwamkia mama kwa heshima, akanisifu kwa bidii yangu, akasema anamwomba Mungu nifaulu aljebra muhula ujao, nami nihitimu. Alisema kwa moyo safi. Hilo ndilo linaloniuma.
Lydiah akatoka kwenda garini. Mama mkwe akanishika mkono.
"Ni hesabu tu, baba?"
Nikasema ndiyo.
"Basi nipo hapa miezi mitatu. Tutaanza Jumatatu."
Lydiah amehamia chumba cha mama yake.

Jumatatu, 12 Mei
Saa kumi na mbili asubuhi mama mkwe alikuwa mezani na daftari jipya na penseli mbili. Akanieleza aljebra mara nne bila kupaza sauti. Mara ya nne nilikaribia kuelewa, nikaogopa. Lydiah akapita, akatazama daftari, akaniwekea chai bila kunitazama. Ya kwanza tangu Jumamosi.
Ingetosha. Lakini miezi mitatu ni mingi. Nikamwambia mama mkwe kwamba chuo kinafuta aljebra muhula ujao, tusijichoshe. Akafunga daftari, akaomba aione barua ya chuo.
Kesho nitaiandika.